Mtihani Usio na Msimu

Mtoto aliyesomea Kilungu, Makueni, haulizi mtihani ni lini. Anaambiwa. Baraza la Mitihani la Kitaifa linatoa ratiba, mwalimu mkuu anaibandika ukutani, na tangu siku hiyo kijiji kizima kinajua. Muhula wa pili kuna mitihani ya majaribio. Ukikaribia wakati wenyewe kunakuwa na siku ya maombi: wazazi wanafika kwa matatu na bodaboda, mchungaji anaziombea kalamu, mwenyekiti wa bodi anahutubia hadi watu wanaanza kusinzia, kisha wali unapakuliwa. Novemba karatasi zinaletwa na askari mwenye bunduki. KCSE ya kidato cha nne imekuwa hivyo tangu 1989, na KCPE ya darasa la nane ilikuwa hivyo tangu 1985 hadi darasa la mwisho lilipoifanya mwaka 2023. Hata aliyemaliza chuo akaenda KASNEB kutafuta CPA ya uhasibu hukuta mambo yaleyale. Msimu umepangwa, siku ya mwisho ya kujiandikisha imepangwa, kazi yako ni kusoma.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo umwambie kuna mtihani unaoitwa GMAT, ambao vyuo vingi vya biashara vya Marekani na Ulaya huutazama kabla ya kukupa nafasi ya MBA, na kwamba anaweza kuufanya karibu wiki yoyote ya mwaka, kituoni Nairobi au chumbani mwake kupitia mtandao. Ratiba ataitunga mwenyewe. Hakuna wa kumwombea kalamu, na kalamu yenyewe haihitajiki. Vijana wa Nunguni, Tawa, Wote, hata wa Mutomo kule Kitui, huniuliza swali moja kwa namna tofauti: nianze lini? Wengine wakikosa jibu huahirisha, mwaka ukapita, na mwingine. Si wavivu hawa. Ni watu ambao tangu darasa la kwanza hawajawahi kuachiwa tarehe ya mtihani mikononi mwao.

Huku ninakoishi, Lowell, Massachusetts, mambo yanakwenda kinyume kabisa. Lowell ni mji wa viwanda vya zamani vya nguo, mwendo wa treni kutoka Boston, na Wakenya tumejaa. Kanisani Jumapili utasikia Kikuyu, Kikamba na Ekegusii kabla ya ibada kuanza. Wamarekani niliofanya nao kazi, wale waliokuwa na mawazo ya MBA, waliifanya GMAT wakiwa bado chuoni, mwaka wa mwisho, hata kama hawakukusudia kuomba nafasi mapema hivyo. Sababu ni rahisi: alama zake hudumu miaka 5. Ukiufanya ukiwa na miaka 22, hesabu bado ya moto kichwani, unaweza kufanya kazi miaka 3 au 4 kisha utume maombi na alama zako bado hai. Tena kuna vyuo vinavyomchukua mwanafunzi kabla hajaajiriwa, au kumwekea nafasi. Harvard ina mpango wake uitwao 2+2, Yale wana Silver Scholars, na Stanford nao huwaruhusu wanafunzi kuomba mapema wakaahirisha kuingia. Kwa hiyo kijana wa hapa akisikia neno MBA mara ya kwanza kwa mshauri wa chuo, anasikia na neno GMAT papo hapo.

Kwetu mtu hulisikia akiwa na miaka 29, mara nyingi baada ya kunyimwa cheo. Na nisiseme kama vile ni kosa lake. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayedaiwa mkopo wa masomo wa HELB na anayetembea na bahasha ya vyeti mjini kutafuta kazi atatoa wapi ada ya mtihani? Hapa Marekani ni dola 275 kituoni na dola 300 ukiufanyia nyumbani. Hata ukichukua hiyo ya chini, ni zaidi ya shilingi 35,000. Nunguni hiyo si pesa ya kutupa kwa mtihani wa huenda.

Mtihani wenyewe si mgeni duniani. Ulianza mwaka 1954 ukiwa na jina jingine, na hili la GMAT ulipewa mwaka 1976. Ila umebadilika juzi tu, na mabadiliko hayo yanawaumiza watu wa nyumbani kuliko wa huku. Toleo la sasa lilianza Novemba 2023, na la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Lina sehemu 3, yaani hesabu, lugha na mantiki, na uchambuzi wa data, kila moja dakika 45. Maswali yote ni 64. Insha imeondolewa, jiometria imeondolewa, na yale maswali ya kusahihisha sarufi ya Kiingereza yameondolewa pia.

Naeleza kwa nini hilo linaumiza. Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, anaishi Nunguni na kazi yake ni kuweka hesabu za wakulima wa maembe huko chini kwenye joto, upande wa Wote. Mwaka jana alinitumia kwa WhatsApp picha za kitabu alichokuwa akisoma usiku. Faili hilo lilikuwa limepita simu nyingi kabla ya kufika kwake: kurasa zimepigwa picha upande, kidole gumba cha mtu kinaonekana pembeni, majibu yamezungushiwa kalamu na asiyejulikana. Na lilikuwa la toleo la zamani. Alikuwa amefika mbali katika sura ya kusahihisha sentensi, anajivunia, na hakuna hata swali moja la aina hiyo atakalokutana nalo. Huku ningeingia maktaba ya mji, Pollard, nikaazima kitabu cha karibuni bure. Nyumbani kitabu kipya ni ghali, kwa hiyo cha kale kinaendelea kuzunguka kama noti iliyochakaa. Hata lengo lenyewe hubaki la kale. Vijana huniambia wanataka 700. Siku hizi alama zinakwenda kutoka 205 hadi 805 na zote zinaishia na 5, kwa hiyo hiyo 700 haipo, na iliyo karibu na 700 ya zamani ni 645. Mtu anaweza kupata alama nzuri akadhani ameanguka.

Basi nianze lini? Ushauri unaorudiwa sana huku ni miezi 2 hadi 3. Mpwa wangu alinirudishia maneno hayohayo. "Shangazi, si wanasema miezi mitatu inatosha?"

Inatosha, nikamwambia, kwa mtu mwenye jioni kama zao. Ukiuchungua ushauri huo utakuta umejengwa juu ya saa 10 kwa wiki. Wiki 12 mara saa 10 ni saa 120. Mtu anayetoka ofisini saa kumi na moja, anayeishi peke yake au na mwenzake, ambaye umeme kwake haukatiki na intaneti anailipia kwa mwezi, anaweza kuzipata saa hizo na bado akatazama mpira. Akitaka darasa, biashara ya kutayarisha watu kwa mitihani hapa ni kongwe. Stanley Kaplan aliianza mwaka 1938 katika nyumba ya wazazi wake Brooklyn, na leo kozi kamili hupita dola 1,000 bila shida. Lakini hata hapa hapa Lowell, Mkenya anayefanya zamu za usiku katika nyumba za kutunzia walemavu na wazee, na mchana ana watoto wa kupeleka shule, hana jioni hizo. Yeye na mpwa wangu ni ndugu katika jambo hili. Namjua mmoja aliyesoma kati ya saa saba na saa kumi usiku, wazee wakishalala, akisimama kila baada ya muda kwenda kuwatazama vyumbani.

Mpwa wangu tulimhesabia saa zake kwa uaminifu. Anaondoka Nunguni alfajiri, ukungu bado umefunika mlima, na anarudi giza limeingia. Jumamosi kuna shamba, na kama ni wiki ya mazishi au harambee, hakuna Jumamosi. Jumapili ni kanisa na wazazi. Tukapata saa 5 kwa wiki, na hizo ni pamoja na saa moja ambayo mimi binafsi siiamini. Saa 120 kwa mwendo wa 5 ni wiki 24. Ile miezi 3 ya Mmarekani kwake ni karibu miezi 6, na kichwa chake ni chepesi kuliko cha wengi waliopita na 645.

Tukaja kwenye msimu, maana ukinyimwa ratiba na baraza la mitihani lazima uichukue mahali pengine. Vyuo vikubwa vya Marekani hupokea maombi kwa duru. Duru ya kwanza hufungwa mapema Septemba, ya pili mapema Januari, na ya tatu, kwa vile vilivyo nayo, karibu Aprili. Mtu atakayehitaji viza na ufadhili asiitegemee hiyo ya mwisho, nafasi na pesa huwa zimekwisha gawiwa. Kwa hiyo ni Septemba au Januari. Kuilenga Septemba angepaswa kuukalia mtihani Julai, na kurudi nyuma wiki 24 kutoka Julai kunatuangusha mwishoni mwa Januari, katikati ya msimu wa maembe. Maembe ya Makueni huanza kuiva Novemba na kuendelea hadi Machi. Miezi hiyo malori yanapakia usiku, wakulima wanadai malipo yao, na mtu wa hesabu halali. Kusoma uwezekano na uwiano wakati huo ni kujidanganya.

Tukaichukua Januari. Maembe yakiisha Machi, anaanza Aprili wakati wa mvua ndefu. Katikati ya Septemba wiki 24 zimetimia na anaufanya mtihani. Asiporidhika, sheria inamtaka angoje angalau siku 16 kabla ya kurudia, na haruhusiwi kuufanya zaidi ya mara 5 katika miezi 12. Kwa hiyo Oktoba ipo kwa marudio. Baada ya hapo anaandika insha za maombi, akiharakisha kwa sababu Novemba maembe yanarudi. Mkulima wa Ukambani hungojea mvua ya Oktoba shamba likiwa limeshalimwa, na wengine huwa wameshapanda kwenye vumbi. Ndivyo nilivyomwambia azifikirie hizo insha, zianze kabla hajajua alama zake.

Hata hivyo Aprili si mwanzo wa kweli. Mwanzo ni Jumapili moja yoyote, leo hii, ambapo anakaa saa mbili na robo kufanya mtihani wa majaribio kabla hajafungua kitabu. GMAC, wenye mtihani, hutoa majaribio 2 bila malipo kwenye tovuti yao. Watu wetu wanaogopa kuugusa huo mtihani kabla "hawajawa tayari", kwa sababu shuleni alama mbaya ilisomwa mbele ya wenzako na ikafuatwa na fimbo. Hapa hakuna anayeiona. Na ndiyo alama pekee inayoweza kumwambia mtu kama anahitaji wiki 8 au 30. Bila hiyo, kila hesabu niliyoifanya hapo juu ni ramli. Jaribio la pili alihifadhi hadi wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Nilimpa swali moja kwa simu nione anavyofikiri. Bei ya kreti ya maembe imepanda kwa asilimia 25, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Imebadilika kiasi gani? Nikasikia kimya, halafu sauti ya vidole kwenye kioo. Alikuwa anafungua kikokotoo. Mtu huyu anajumlisha hesabu za malori kwa siku! Lakini shule ya mfumo wa 8-4-4 ilitulea na kikokotoo pembeni na kijitabu cha majedwali ya hesabu, na kwenye sehemu ya hesabu ya GMAT kikokotoo hakiruhusiwi. Kinaruhusiwa kwenye uchambuzi wa data peke yake. Anayeona kwamba asilimia 25 juu ni kuzidisha kwa 5 na kugawanya kwa 4, na asilimia 20 chini ni kuzidisha kwa 4 na kugawanya kwa 5, amemaliza kabla ya kushika kalamu: bei imerudi palepale. Maswali 21 kwa dakika 45 ni dakika mbili na sekunde chache kila moja. Anayekokotoa kwa njia ndefu hafiki mwisho, na maswali yasiyojibiwa yanakula alama.

Kuna na hili la njia. KCSE humpa mtu alama za hatua hata jibu likiwa baya. Mwalimu alitufundisha tusiache ukurasa mtupu, andika kanuni, andika ulichopewa, utaokota alama mbili. Tarakilishi ya GMAT haijali hatua zako. Inatazama jibu, na kwa jibu hilo inakuchagulia swali linalofuata, gumu zaidi au rahisi zaidi. Unaweza kurudi mwisho wa sehemu ukabadilisha majibu yasiyozidi 3. Mada nyingi za hesabu hizo ni za kidato cha pili, kwa hiyo mwanafunzi wetu hakosi maarifa. Anachohitaji ni wiki kadhaa za kuacha mazoea, na mazoea hayaachwi kwa kukesha. Ndiyo maana siwashauri watu wachukue likizo ya mwezi mmoja wakajifungie. Afadhali dakika 40 kila asubuhi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani ndilo hasa linalochelewesha watu wa kwetu, kuliko pesa na kuliko umeme. Ni siri. Mtu wa Nunguni anayepanga kwenda ng'ambo hamwambii mtu hadi viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti. Naielewa hofu hiyo, nimekulia humo. Ukisema ukakosa, utaulizwa sokoni miaka mitatu mfululizo, "Kwani hujaenda?" Na wapo watakaosema umerogwa. Huku, kijana wa shirika la ushauri wa biashara anamwambia bosi wake waziwazi kwamba mwakani ataomba MBA, na baadhi ya mashirika hayo hata humlipia karo. Kwa nini hilo lina uzito? Kwa sababu vyuo hivi havitaki barua ya chifu wala ya mchungaji. Vinataka mtu anayekusimamia kazini ajibu maswali marefu juu yako, kwa mifano. Utamwomba vipi mtu ambaye hujamwambia? Na ukimwambia wiki mbili kabla ya makataa, ataandika mistari minne ya sifa ambazo zingemfaa mtu yeyote.

Mpwa wangu alikataa kabisa kumwambia mkubwa wake. Tulibishana. Tukakubaliana amwendee yule aliyemsimamia kazi ya kwanza, mtu aliyestaafu asiyekuwa na cha kupoteza, na huyu wa sasa amwambie Septemba, alama zikishapatikana. Sifurahii sana mpango huo, vyuo vingine vitauliza msimamizi wa sasa yuko wapi. Lakini mimi sipo pale, na kazi ikipotea si yangu.

Mahali pa kufanyia mtihani hatukubishania. Nyumbani sheria ni kuwa peke yako chumbani, mlango umefungwa, kamera inakutazama. Mtoto wa jirani akiingia kuomba chumvi, mtihani unaweza kufutwa. Umeme nao ukikatika ndio umekatika. Atateremka hadi Barabara ya Mombasa, aende Nairobi siku moja kabla, alale kwa binamu yake ili msongamano wa Mlolongo usimkute asubuhi ya mtihani.

Iwapo anachotaka ni MBA ya jioni Nairobi, sehemu kubwa ya haya haimhusu, kwani vyuo vingi vya nyumbani vinaangalia shahada, matokeo na miaka ya kazi. Hata huku, tangu janga la 2020, vyuo kadhaa humsamehe mwombaji mtihani akiwa na sababu, na vingi hupokea mtihani mwingine, GRE, badala yake. Ofisi ya ushauri ya EducationUSA ya ubalozi wa Marekani Nairobi itamwambia hayo bila malipo, na ningependa aende huko kabla ya kuniuliza mimi tena.

Lililobaki ni dogo na linaangusha watu wengi. Jina unalojiandikisha nalo sharti lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye kitambulisho utakachoonyesha mlangoni. Sisi Wakamba tuna jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la baba, na kila ofisi iliyotuandika iliyapanga ilivyopenda. Cheti chake cha shule kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, na moja limekosewa herufi. Pasipoti hana. Nimemwambia aanzie eCitizen, tovuti ya serikali, wiki hii, arekebishe jina, aombe pasipoti, na asiilipie GMAT hadi aishike mkononi.

Amejibu kwamba fomu inataka cheti cha kuzaliwa, na cha kwake kiko kwa nyanya yake, ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake haujulikani uliko.